Sabina Folan na Zamu ya Langoni

Marehemu Sabina Folan alizaliwa hapa Carna, Galway, tarehe 3 Februari 1941, binti wa Tomás na Honor Mulkerrin. Alisoma shule ya msingi ya kijijini hadi 1954, akatoka akijua hesabu na, kwa ushahidi wa mwalimu wake, kubishana.

Baadaye alirudi shuleni hapo kama mpishi, hadi 2001. Wengi mliosimama hapa mmekula viazi vyake, na wachache mmeonja mwiko wake.

Tarehe 8 Septemba 1964 alifunga ndoa na Festus Folan, mwashi. Festus alifariki Novemba 2021, na tangu hapo hakuna mwingine aliyezikwa hapa. Na kwetu kila mtu anajua: aliyezikwa mwisho ndiye hulinda lango la makaburi na kuwachotea maji walio toharani, mpaka aje mwingine. Kila Jumapili Sabina alisimama langoni akimwambia mumewe, "Vumilia, baba Barbara. Watu wa hapa wamekataa kufa."

"Mama, hayo si mambo ya kale?" binti yake Barbara alimuuliza.

"Na magoti ya baba yako ni ya kale pia."

Januari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua. Kufa hakukumtisha. Kilichomnyima usingizi ni kingine: "Maisha yangu yote nimemngoja huyu mwanamume atoke kazini. Sasa nikifika, ndiyo mimi niingie zamu?" Jambo hilo lilimuuma Barbara.

Sabina alifariki nyumbani tarehe 12 Mei 2024. Kwa desturi yetu, Barbara alifungua dirisha roho ipite, akasimamisha saa, akafunika kioo. Hakuna aliyelia mpaka alipokwisha kuvishwa, kama alivyoagiza.

Asubuhi hii, njia panda, tulikutana na jeneza la Sajini Peadar Geary, likija makaburi haya haya. Wabebaji wetu wakaanza kukaza mwendo, maana atakayetangulia kuzikwa ataepuka zamu. Barbara roho ilikuwa juu. Ndipo Ruairi, mpwa wa Sajini, akainua mkono.

"Piteni, mama. Mjomba alikuwa polisi maisha yake yote. Mkimwachia lango mtamfurahisha."

"Mungu akubariki, mwanangu," Barbara alisema, akilia na kucheka. "Mwambie tu asimkamate mtu!"

Sabina ameacha watoto wawili, Barbara na Coleman, wajukuu watano na kitukuu mmoja. Apumzike kwa amani; mumewe ametoka zamu, yuko nyumbani.