Dada Yetu wa Chumba cha Mota

Ndugu, jamaa na majirani, dada yetu mkubwa alizaliwa tarehe 11 Februari 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, kifungua mimba wa fundi cherehani, akasoma hadi darasa la saba, akaacha ili sisi wadogo zake tusome.

Tarehe 2 Juni 1989 aliajiriwa katika kiwanda cha karatasi, kama mfagizi wa chumba cha pampu, na humo ndimo alimokutana na shemeji yetu, mwendeshaji wa injini kubwa ya dizeli, wakafunga ndoa tarehe 19 Septemba 1992, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2011 kiwanda kilifunga mota za umeme ili kupunguza moshi, lakini mwezi haukuisha tatu zikaungua, wakubwa wakaamua kurudia dizeli, na shemeji, tusifichane, alifurahi. Dada, aliyekuwa akizifagia kila siku, alimfuata meneja, akamwambia, "Hazina ubovu, zinakosa pumzi. Vumbi la karatasi limeziba feni." Alijua fika anachokisema kingemwondoa mumewe kwenye injini yake, akakisema.

Akapewa mota zile azitunze, akazisafisha kila zamu, akajifunza kupaka grisi na kubadili beringi, hazikuungua tena, dizeli ikazimwa moja kwa moja, hewa ukaa ya kiwanda ikapungua zaidi ya nusu, na majirani wa bomba la moshi wakaanza kuanika nguo nje.

Nyumbani shemeji alinuna wiki sita, hadi jioni moja, wakila, alipoweka kijiko chini, akasema, "Basi nifundishe." Wakafanya kazi pamoja miaka kumi na miwili.

Oktoba iliyopita miguu ya dada ilianza kuvimba, ikabainika moyo umechoka, akalazwa mara tatu, na Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, shemeji akimkanda miguu, alikata roho, akiwa na miaka hamsini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa kiwandani, ambao walitaka kuzima mitambo yote leo kwa heshima yake, shemeji akawakatalia, akisema hakuna siku dada alipenda kuziona mota zimesimama, kwa hiyo wale wa zamu hii hawapo nasi, wako kazini, na mota zinazunguka.

Pumzika, dada. Amani iwe nawe.