Msiwaulize Kama Wameelewa

Sogeeni karibu wanangu, na mwashe taa, mvua imetia giza mchana huu nami nataka kuwaona. Nyumba hii ni ya mama yenu, hilo lilishaandikwa. Kiwanda cha mikate ni chenu wawili, na hapo ndipo ninapoogopa, kwa kuwa Jumatatu mnapokea wafanyakazi wapya sita.

Kifungua mimba, nimesomewa mpango wako wa mafunzo: kurasa thelathini, asubuhi moja, mwishoni kila mtu anatia sahihi kwamba ameelewa. Umeandika vizuri, mwanangu. Umerithi kosa langu, ukalipiga chapa.

Mmekua mkiambiwa shangazi yenu alipoteza vidole kwa uzembe. Hata yeye husema hivyo kwa utani, eti mashine ya kukandia unga ilimposa, akaipa mkono. Hakuzembea. Siku yake ya kwanza nilimweleza kila kitu harakaharaka, wateja wakingoja, kisha nikamuuliza, "Umeelewa?" Akasema, "Ndiyo, kaka." Angesema nini? Mdogo wangu, mgeni wa kazi, amwambie kaka yake hapana mbele ya watu? Sikumwambia anionyeshe. Kumbe alidhani kitufe chekundu kinakata umeme, nacho kinasimamisha tu; umeme hukatwa kwa swichi ya ukutani. Akaingiza mkono kukwangua unga, kiwiko kikagusa cha kijani. Nikawaambia watu alizembea, naye akanisitiri miaka ishirini na miwili.

Basi karatasi ziwekeni kabatini. Mafunzo yawe mikononi mwa shangazi yenu, wala msimpinge. Kila mgeni akae naye wiki nzima, jambo moja kwa siku. Azime swichi ya ukutani mwenyewe, kisha amfundishe mwenzake huku shangazi anatazama. Baada ya mwezi arudie tena, maana watu husahau. Anayekosea asichekwe. Na neno hilo, umeelewa, lisisikike humo ndani. Semeni, nionyeshe.

Mwiteni, yuko jikoni. Nimwombe radhi mbele yenu nikiwa bado... Nipeni maji kidogo.

Mungu ailinde mikono yenu, na mikono ya wote watakaowaamini. Sijui kama mme... Hapana, msinijibu. Kitinda mimba, simama wewe. Chukulia chumba hiki ndiyo mashine, nawe unataka kuisafisha. Nionyeshe unaanzia wapi.

Naam. Ukutani kwanza.

Usiiwashe tena taa, mwanangu. Iache hivyo hivyo.