Moto Aliouhoji Dakta Eustace Leonsi, 1938–1983

Ndugu waombolezaji, mliotoka Matai, Sumbawanga mjini na Mbeya, poleni kwa safari na matope. Wasifu huu unasomwa na Margareth, dada wa marehemu. Asiyependa maneno makali asogee nyuma kidogo.

Dakta Eustace alizaliwa hapa Mwimbi tarehe 14 Februari 1938, mtoto wa kwanza wa hayati mzee Leonsi na mama Agnesi, mliyempa pole pale mkekani. Alikua akipuliza kuni mbichi jikoni kwa mama yake. Macho yake yalikuwa mekundu hata walimu wa misheni wakadhani analia kila asubuhi.

Baada ya sekondari Tabora alisomea fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1968. Tarehe 4 Julai 1970 alifunga ndoa na Tusekile, binti wa Rungwe aliyekuwa karani wa posta Sumbawanga. Mwaka 1973 alipelekwa Uswidi, akarudi 1979 na shahada ya udaktari ya kuchunguza moto kwa leza.

Leza ni mwanga mwembamba wa rangi moja. Ukipenya kwenye mwali, gesi zilizomo hujibu kwa mwanga wake, na mtaalamu hujua kipi kimeungua na kipi kinatoka kama moshi. Tabu ni kwamba moto nao unang'aa, na mng'ao wake humeza jibu hilo dogo. Eustace aliutega mtambo wake wa kupimia ufumbue jicho pale tu leza inapomulika. Kisha aliziba leza, akapima mng'ao wa moto peke yake, akauondoa kwenye hesabu. Kilichobaki ndicho alichokiamini.

Hata ugomvi wa ukoo aliusuluhisha hivyo hivyo. Wenye kesi waliketi, naye akawataka waseme kwanza yote yasiyohusika. Wakishatukanana kuhusu mahari, mbuzi na marehemu babu zao, alisema kwa upole, "Hayo tumeyatoa. Sasa tuanze." Mara nyingi walikuta hakuna kesi iliyobaki.

Mtambo wake, zawadi ya walimu wake wa Uswidi, ulifika Sumbawanga kwa lori mwaka 1980, kwenye kituo kidogo cha nishati ya vijijini. Kwa misimu miwili ya kiangazi aliwasha kuni za huku huku mbele ya leza.

"Mwanangu," mama alimuuliza, "umesoma miaka yote hiyo ili uje kutazama moshi?"

"Ndiyo mama. Huo huo unaokuliza."

Akamjengea jiko la udongo lenye matundu aliyoyapanga kwa vipimo vyake. Mama hapulizi tena, na kuni za siku moja zinafika ya pili.

Ndipo alipokuja mkuu mpya wa kituo. Alisema wananchi wanahitaji majembe, si taa za Ulaya, na kwamba dizeli ya jenereta hakuna. Dizeli ya muziki wa sikukuu ilipatikana. Mtambo ukafungiwa stoo, ukapangwa pamoja na magunia ya mbolea, chumvichumvi ya mbolea hiyo ikavila vioo vya leza. Eustace aliomba ufunguo mwaka mzima, kwa adabu, maana ndivyo alivyolelewa. Familia hii ina hasira, na haioni sababu ya kuificha mbele ya jeneza.

Mwezi Agosti mwaka huu alianza kuumwa kichwa na kuvimba miguu. Madaktari walisema ni shinikizo la damu, wakamhudumia vizuri, na tunawashukuru. Alifariki tarehe 9 Novemba 1983 saa kumi alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Tusekile. Neno lake la mwisho kwa Adela, mtaalamu mwenzake ambaye yeye ndiye alimfundisha kuuendesha mtambo, lilikuwa: "Vioo viwili bado vizima. Usikubali mvua ivikute mle stoo."

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, Suma na Alois, na dada mmoja ambaye hajui kunyamaza.

Asubuhi hii mkuu wa kituo amesimama hapa, akamwita marehemu hazina ya taifa na nuru ya Ufipa, akafuta machozi kwa leso nyeupe. Mzee, shikamoo. Hayo tumeyatoa. Sasa tuanze. Mvua imenyesha tangu jana, ufunguo wa stoo umo mfukoni mwako, na Adela yuko mbele yako. Mpe, ndipo tumwage udongo.

Ewe kaka, pumzika kwa amani. Sisi tunasubiri ufunguo.