Mzee Uzi na Maneno Tuliyomlisha

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko kazini, mwombe bosi akuvumilie kidogo. Leo tunamkumbuka Mzee Uzi.

Mzee Uzi ametutoka Jumatatu hii. Kesho anazikwa. Huyu ndiye aliyewaongoza watu kudai uhuru bila kurusha hata jiwe moja. Nalirudia hilo, maana wapo vijana wanaodhani natia chumvi. Bila hata jiwe moja.

Alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlikuwa na cherehani ya kukanyaga, pasi ya mkaa, na benchi lililoyumba kila ukikaa. Kabla ya maandamano, watu walipanga foleni kwenye benchi hilo na yeye akawashona mifuko. Mifuko ya suruali, ya makoti, ya magauni. Aliishona ikaziba kabisa. Alitaka mtu asiwe na mahali pa kuficha jiwe wala kisu. Na askari akikupekua, asipate pa kukutilia kitu halafu aseme ni chako.

Shemeji yake, fundi wa baiskeli, alinisimulia hayo huku akicheka hadi machozi. "Siku moja alinishona mfuko na ufunguo wa nyumba ndani! Mimi nimekaa barabarani namdai gavana uhuru, dada yake amekaa mlangoni na kapu la sokoni ananidai mimi."

Wakifika mbele ya ofisi ya gavana, waliketi chini. Wanatukanwa, wameketi. Wanapigwa, wameketi. Askari mmoja alimpekua Mzee, vidole vikagota kwenye mshono. Akafoka, "Mbona umeziba mfuko?" Mzee akamjibu, "Nimekupunguzia kazi, bwana." Kwa jibu hilo alitupwa ndani. Lakini mwisho gavana alifunga virago, na bendera yetu ikapanda. Mzee akapewa uwaziri. Akaukataa, akarudi kwenye cherehani yake.

Hadi hapo mnajua, tulifundishwa shuleni. Sasa nawaomba msizime redio, maana sehemu iliyobaki inatuhusu sisi, na haipendezi.

Mwaka jana wafagiaji wa hospitali kuu waligoma. Hawakudai makubwa. Walidai glavu. Walikuwa wanazoa taka za wodini, damu na sindano zilizotumika, kwa mikono mitupu. Wengi wao walizaliwa baada ya uhuru. Hata hivyo, asubuhi ile walikuja wameshona mifuko ya sare zao, wakaketi kwenye geti la hospitali. Hakuna aliyewatuma. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mcheshi waliyemwita Mama Pacha. Nalirudia jina, maana leo tunamkumbuka na yeye: Mama Pacha.

Wakati huo Mzee alikuwa kitandani. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya sauti na upande wa kulia. Alibakiwa na mkono wa kushoto, na kichwa cha kukubali au kukataa. Aliyemuuguza ni binti yake wa pekee, mwalimu mkuu mstaafu. Mwalimu ndiye aliyeniita nyumbani kwao juzi. Alisema, "Mwanangu, washa hicho chombo chako, na usikate hata neno."

Basi sikukata.

"Mkuu wa mji alikuja hapa, akavutiwa kiti," alisema Mwalimu. "Akaniambia, mama, wewe ni damu ya Mzee, sema nao, watakusikia. Kaka wa kuitwa badala yangu sina. Ni mimi tu. Na mimi nilipenda kuitwa, mwanangu. Nisikudanganye. Nilivaa gauni langu zuri, nikaja hapo kwenu redioni."

Ndiyo, wasikilizaji wapendwa. Alikuja kwenye kituo hiki hiki. Tulimkaribisha, tukampa maji ya kunywa, tukamfungulia kipaza sauti. Alisema hivi: "Baba yangu anawaomba mrudi kazini. Baba ni mtu wa amani." Hayo tu. Hatukumuuliza lini baba yake aliyasema hayo.

"Hakuyasema," aliniambia juzi. "Na sikumuuliza. Ningeweza kumuuliza, akatikisa kichwa, tukamaliza. Sikumuuliza kwa sababu jibu nililijua. Nilimlisha baba yangu maneno, na yeye hana mdomo wa kuyatema."

Pale getini wafagiaji walikuwa na redio ndogo. Walimsikia. Mama Pacha ndiye aliyesimama wa kwanza. Akawaambia wenzake, "Mzee kashasema. Sisi ni nani? Twendeni." Wakarudi wodini shingo upande. Mchana huo huo, Mama Pacha akifunga mfuko wa taka, sindano ikamchoma kidole.

Mwalimu alirudi nyumbani akijiambia amefanya la maana. Alimkuta Mzee ameukazia macho ukuta. Redio ya kando ya kitanda ilikuwa bado inaongea. Mzee akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea koti lake. "Nikadhani baridi imemshika," alisema Mwalimu. "Nikamvisha. Akautoa mfuko nje, akaushika, akaniangalia. Nikajifanya sielewi. Akaendelea kuniangalia. Ndipo nikatafuta sindano na uzi, nikamshona mifuko. Yote miwili. Macho yangu hayakuthubutu kupanda juu ya vifungo."

Alimpakia kwenye kiti cha magurudumu, akamsukuma hadi getini. Hapakuwa na mtu. Mzee Uzi akaketi pale, koti limefungwa hadi shingoni, mate yakimtoka upande mmoja na binti akiyafuta. Wafagiaji walimwona kupitia madirisha ya wodi. Wakaanza kutoka, mmoja mmoja. Mama Pacha akatoka na kidole chake kimefungwa kitambaa.

"Shikamoo Mzee," akasema. "Kwani tumekosea?"

Mzee akatikisa kichwa kukataa. Kisha akageuza kichwa, taratibu, akamtazama binti yake.

Wakaketi tena, safari hii pamoja naye. Glavu zilikuja, maboksi kwa maboksi. Hadi leo wafagiaji wetu wanavaa glavu. Mama Pacha alizivaa kwa muda mfupi. Akaanza kuchoka, macho yakawa ya njano. Madaktari wakasema ni homa ya ini, ile inayoambukiza kwa damu. Alizikwa kabla ya mvua, akaacha mume seremala na wale pacha wake.

"Wapo wanaoniliwaza," alisema Mwalimu. "Wananiambia, labda angeugua tu, labda ilikuwa sindano ya siku nyingine. Hiyo labda nimeitafuna hadi haina ladha. Alisimama kwa sababu yangu. Kwenye msiba wake nilifika mpaka kona ya barabara, nikaona turubai, nikarudi."

Nilimuuliza kama baba yake alimsamehe. "Alikula chakula kutoka mkononi mwangu hadi mwisho," akasema. "Usinifanye niseme alimaanisha nini. Hiyo kazi nimeiacha."

Wasikilizaji wapendwa, kesho Mzee Uzi anazikwa, na Mwalimu ndiye mzungumzaji wa familia. Ofisi ya mkuu wa mji imeshamletea hotuba, imechapwa vizuri. Nimeiona kwa macho yangu. Karibu kila aya inaanza na "Baba alitaka."

Kwa familia ya Mzee Uzi, poleni sana. Kwa seremala na watoto wake, poleni, na pole yetu imechelewa mno. Kituo hiki kilikuwa na kipaza sauti siku ile, na swali moja tu lilihitajika. Na wewe unayesikiliza, ukijisikia kumwambia mtu aliyeonewa atulie kwa sababu Mzee Uzi alikuwa mtu wa amani, jiulize kwanza ni nani anayefaidika na utulivu huo.

Nilipokuwa nakunja waya zangu, nilimuuliza Mwalimu kama ataisoma ile hotuba. Akanikabidhi ile karatasi ya hotuba.

"Nimemwomba seremala akae mbele," alisema. "Kakubali kuja, hakuniahidi kingine. Kesho sitasema baba alitaka nini. Nitasema mimi nilifanya nini, na seremala akiwa amekaa pale ananitazama."