Profesa wa Nanihii

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na nne katika kituo chetu cha utafiti wa ubongo, mtafiti wetu mkuu wa mishipa ya fahamu atakabidhi funguo za chumba cha mwisho wa korido na kwenda zake nyumbani. Mlangoni kwake pana kibao chenye jina refu na vyeo viwili. Sisi humwita Profesa Nanihii, na huitika. Mimi ni fundi mitambo wa maabara yake, yule anayewavalisha watu ile kofia yenye nyaya za mashine ya kupimia mawimbi ya ubongo. Nimepewa kazi ya kuandika haya katika jarida la kituo kwa sababu wenzangu wanadai nina mdomo.

Alianza akiwa binti mwembamba aliyeajiriwa kuchungulia ubongo wa panya kwenye hadubini. Shangazi zake walikuwa wameshatangaza kila mahali kwamba ni daktari. Basi kila alipohudhuria harusi aliletewa watu wenye kipandauso, na safari moja aliletewa mzee mwenye mshipa wa ngiri, aliyeambiwa kuwa binti huyu ni bingwa wa mishipa. Alimweleza kwa adabu zote kwamba mishipa anayoishughulikia yeye iko juu zaidi.

Panya hawakumkaa moyoni. Kilichomkaa ni sauti ya mama yake mzazi jikoni, akisema bila kugeuza kichwa, "Hebu niletee nanihii, iko pale juu ya nanihii." Na mdogo wake alikwenda, akarudi na kibiriti. Nyumba nzima iliona ni jambo la kawaida. Yeye peke yake alikosa usingizi: neno limekwenda wapi, na kama limekwenda, mama amejuaje kwamba anachokitaka ni kibiriti? Mumewe husema Profesa aliolewa na swali hilo kwanza, yeye alikuja baadaye kama mke mwenza.

Mume huyo, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyekuwa mtu wetu wa kwanza kupimwa rasmi. Nilimvika kofia, Profesa akamwonyesha picha za vyombo vya jikoni. Mwiko ukawa nanihii. Chujio likawa nanihii. Kikunio kikawa nanihii ya kukwaruzia. Tulikuwa tumeshaona kwa watu wengine, tulipokuwa tukiijaribu mashine, kwamba neno linalojulikana likikwama, mashine huchora wimbi dogo kabla mtu hajafungua mdomo. Kwa mwalimu wa hesabu mstari ulilala chali kuanzia mwiko hadi kikunio. Maneno yake hayakukwama, hayakuwahi kuingia. Tulicheka hadi nikakalia nyaya. Profesa aliyaandika matokeo kwa lugha nzito ya kitaalamu, na bwana akaanza kupika siku za Jumapili.

Kutokana na aibu ile ya jikoni tukajua kwamba nanihii ziko mbili: ya asiyejua, na ya anayejua ila njia imeziba. Profesa akashikilia kwamba wagonjwa wengi wa kiharusi waliopotelewa na maneno wako kwenye ile ya pili. Watu huwaona wamekwisha, kumbe maneno yao yote yamo ndani, yanagonga mlango.

Kamati ya utafiti haikushawishika. Walitaka chumba chetu kiwe stoo ya viti. Mwenyekiti alisimama kueleza kwamba utafiti wa neno la mtaani hauna uzito, na kwamba kituo kinahitaji mambo ya maana kama ile, ile nanihii ya kupigia picha mifupa. Kikao kiliangua kicheko, na yeye mwenyewe, kwa heshima yake, akacheka kuliko wote. Hata hivyo uamuzi ulibaki palepale. Profesa alipewa hadi mwisho wa mwaka aonyeshe mgonjwa mmoja aliyefaidika, la sivyo viti vingehamia.

Akaletwa fundi cherehani mmoja, mjane, aliyeangushwa na kiharusi na kubakiwa na neno moja tu, lile letu. Wanawe walikuwa watu wema waliochoka. Walikuwa wameshapanga kufunga duka lake la ushonaji na kumhamishia kwa binti yake mkubwa, na walijadiliana hayo kana kwamba hayupo, yeye akiwa ameketi katikati yao. Nilimvika kofia. Profesa akaonyesha mkasi, sindano, kifungo, na subana ya kukinga kidole. Mzee alijibu nanihii mara zote, machozi yakimlenga, na mara zote wimbi lilisimama wima. Kisha Profesa akajaribu kumpa silabi ya kwanza peke yake, "su", akanyamaza. Tukangoja. Nakiri nilitamani kummalizia. Mzee akasema subana, akalirudia mara tatu kama mtu aliyeokota pete yake.

Walifanya hivyo kwa majuma mengi. Siku binti yake alipomuuliza, kwa mara ya kwanza akimtazama usoni, kama anataka kuhama, hakupewa silabi yoyote. Alisema, "Sitaki. Fungua duka." Binti alilia, Profesa alilia, nami nikajifanya nakagua nyaya. Duka likafunguliwa, na viti vya kamati vikatafutiwa stoo nyingine. Koti alilovaa Profesa kwenye picha ya jarida hili limeshonwa pale, na mkono wa kushoto umepungua kidogo, lakini hajawahi kukubali lirekebishwe.

Tangu wakati huo maabara yetu ina sheria moja: anayemmalizia mwenzake neno huwapikia wote chai. Mkurugenzi ameshapika mara nyingi, na bado hajui kupima majani.

Tunakushukuru, Profesa, kwa subira uliyotufundisha sisi tusiokuwa nayo. Wengi wetu tulikuwa na wasiwasi kwamba ukiondoka kazi hii itaondoka nawe. Juma lililopita mwanamume mmoja alimleta mkewe aliyepatwa na kiharusi. Mtafiti wetu mdogo kuliko wote akamuuliza mama yule jina lake, mume akafungua mdomo kumjibia, na mtafiti wetu akamwomba kwa upole asubiri. Wewe ulikuwa nje kwenye korido ukifunga maboksi, hukuingia. Tulingoja mpaka kiyoyozi kikasikika kinavyonguruma. Mama akataja jina lake, kamili, na la baba yake. Niliona kwa mlango uliokuwa wazi jinsi ulivyosimama, ukatabasamu, ukaendelea kufunga maboksi.

Nenda ukapumzike, mama yetu, uishi siku nyingi na njema. Wagonjwa wako tutawangoja.