Uzi wa Chini: Kumkumbuka Mama Pindo

Wasikilizaji wapendwa, habari iliyotufikia wiki hii ni fupi. Mama Pindo amefariki dunia. Alikuwa fundi cherehani, mjane wa Mzee Tani, mama wa binti mmoja. Homa ya mapafu haikumchelewesha. Alifia hospitalini, binti yake akiwa amemshika mkono. Tunaomba mkae naye kidogo kupitia kipindi hiki.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Pindo lake halikufumuka. Suruali ilichakaa magotini, ikapauka, ikarithiwa na mdogo wa mwenye nayo, na pindo bado limeshika. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, karibu na dirisha, kwa cherehani ya miguu. Alikaa hapo tangu asubuhi mpaka mwanga umkimbie. Ilikuwa kazi ya kukaa, na mwili wake ulikuwa umeshazoea kukaa tu.

Mumewe aliendesha lori la mizigo. Madereva wenzake walimwita Tani kwa sababu ya umbo lake, naye hakuwahi kulikana jina hilo. Kisha akapata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalala. Kuanzia hapo, kumtoa Mzee Tani kitandani na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu ikawa kazi ya mkewe.

Kazi hiyo ilimshinda. Asubuhi moja alimkumbatia, akavuta, mgongo ukamkaza, wakaanguka wote wawili. Walilala sakafuni mpaka jirani alipokuja kuchukua sketi ya mwanawe. Binti yao anasimulia kwamba wakiwa bado wanasubiri msaada, baba yake alisema kwa ulimi mzito: "Karibu chini, mke wangu. Huku kuna nafasi."

Ukoo haukucheka. Mdogo wake Mzee Tani alifika na hoja ambayo ilikuwa vigumu kuipinga.

"Shemeji, hatukulaumu," alimwambia Mama Pindo. "Lakini mgongo wako ukienda, tutauguza wawili. Kwangu kuna vijana wenye nguvu. Shule zikifungwa, nakuja kumchukua kaka."

Kwake kulikuwa mbali, safari ya kutwa nzima. Kumchukua kaka maana yake ilikuwa kumchukua mume. Kila aliyekuwa chumbani alilielewa hilo.

Turudie, ili tuwe pamoja. Mama Pindo asipoweza kumwinua mumewe, mumewe anaondoka. Muda aliopewa ni mpaka shule zifungwe.

Alianza kwa kosa ambalo wengi wetu tumelifanya. Alinunua raba. Aliamka alfajiri, akakimbia barabarani, gauni lake juu ya suruali ya binti yake. Kesho yake akakimbia tena. Siku iliyofuata magoti yaligoma. Baada ya hapo alisingizia mvua, na mvua haikuwa imenyesha.

"Nguvu za soda," Mzee Tani akasema kutoka kitandani.

"Nyamaza, we kizibo."

Ndipo mtaalamu wa viungo, binti mdogo kutoka hospitali, alipokuja kumwona mgonjwa. Alitazama jinsi Mama Pindo anavyomwinua mumewe, akamshika bega. "Mama, unavuta kwa mgongo. Mzigo huu ni wa mapaja." Akamfundisha kusimama kutoka kitini bila kushika kitu, kukaa taratibu, kisha kusimama tena. "Fanya hivi mara kwa mara," akasema.

"Mara kwa mara ndiyo lini?"

"Kila siku, mama. Ukipata nafasi."

"Nafasi sina, mwanangu. Nikiipata nitalala."

Wasikilizaji wapendwa, lile swali la Mama Pindo lilikuwa halali. Tunalipenda sana neno hilo, mara kwa mara. Halina saa, halina siku, na halimkamati mtu shati akipita. Ndiyo maana tunaliahidi kwa wepesi.

Jibu lilikuwa mbele yake, kwenye cherehani. Cherehani ina nyuzi mbili. Uzi wa juu unauona. Uzi wa chini umezungushwa kwenye bobini, kigurudumu kidogo kilichofichwa chini ya sahani ya chuma, nao hukwisha bila kuaga. Sindano inaendelea kupiga, kitambaa kinapita, na mshono haupo. Fundi hana budi kuacha kazi na kuijaza bobini upya. Mama Pindo alikuwa ameilaani shughuli hiyo maisha yake yote. Sasa akaamua hivi: uzi wa chini ukiisha, bobini itasubiri. Atasimama, atakaa, atasimama, mikono kifuani, mpaka mapaja yawake moto. Ndipo ataijaza.

Hakuhitaji tena kukumbuka wala kujisikia vizuri. Uzi ulikwisha awe na hamu au asiwe nayo.

Mzee Tani naye alipata ajira. Chumba chake kilipakana na cha mbele, mlango ukiwa wazi. Cherehani ikinyamaza, sauti ilitoka humo: "Uzi wa chini!"

"Najua!"

"Mbona sisikii kiti?"

Kiti kile cha mbao kililia kila fundi alipoinuka, hivyo hakukuwa na ujanja. Siku moja, akiwa amechoka, Mama Pindo alijaza bobini kimyakimya akaendelea kushona.

"Fundi," mumewe akaita. "Kilicholala ni ulimi. Masikio yako macho."

Kiti kikalia.

Shule zikafungwa. Shemeji akaja na gari na wanawe. Begi la mgonjwa lilikuwa limeshafungwa na kutolewa nje, na vijana wakasogea kitandani. Mama Pindo akasema, "Subirini." Akaukita mguu mmoja mbele na mmoja nyuma. Akashuka kwa magoti, mgongo umenyooka, akamkumbatia mumewe. "Haya, Tani." Akasimama, na mumewe akasimama pamoja naye. Wakageuka kidogo kidogo, akamkalisha kitini. Alikuwa akihema alipofunga breki ya kiti. Haikuwa kazi ya kupendeza macho.

Shemeji akawaambia wanawe, "Rudisheni begi ndani."

Tusitie chumvi. Mazoezi yale hayakumponya Mzee Tani. Upande uliolala haukuamka. Aliishi miaka kadhaa, kila asubuhi akiinuliwa na mkewe, akafariki katika chumba chake, akisikia cherehani ikienda.

Baada ya mazishi, dada wa Mzee Tani alibaki na Mama Pindo kwa muda. Siku moja walikuwa chumba cha mbele wakati uzi wa chini ulipokwisha. Safari hii hakuna aliyeita. Mama Pindo aliondoa miguu kwenye kanyagio, akasimama, akakaa, akasimama. Machozi yakamtoka mgeni wake.

"Wifi, mazoezi ya nini tena? Wa kuinuliwa hayupo."

"Yalikuwa mazoezi, wifi," alijibu. "Sasa ni mazoea."

Maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Wengi wetu tunaanza na la kwanza, la pili hatulifikii.

Wapo watakaouliza: kama mazoezi yana faida, mbona Mama Pindo amekufa? Amekufa kwa sababu watu hufa. Kipindi hiki hakitawauzia matumaini mengine. Lakini alichokipata kwa miguu yake kinajulikana: mumewe, akiwa hai, hakuhamishwa nyumbani kwake.

Tunampa pole binti yake, ambaye alituambia haya tu: "Nilikuwa na wazazi wawili nyumba moja mpaka mwisho. Mama ndiye aliyeamua hivyo." Tunampa pole shemeji yake, wifi yake, na wote waliovaa alichokishona. Mungu ampumzishe kwa amani.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tazameni mlio nao nyumbani sasa hivi. Yupo mmoja kati yao ambaye siku moja atashindwa kuinuka mwenyewe. Atanyoosha mikono. Jiulize kama utaweza kumbeba. Usitujibu sisi.