Lugha Iliyobaki kwa Mama Zulma

Krr, krr, krr. Kabla hakujapambazuka, hiyo ndiyo sauti iliyosikika nyumbani kwa Zulma Vandewynckele, pale kijijini Houtkerque. Ni kinu cha kahawa. Alikibana magotini, akakizungusha polepole ili wengine waendelee kulala. Wasikilizaji wapendwa, Mama Zulma hatunaye tena. Tulimzika Jumamosi.

Wengi wenu mlikunywa kahawa yake. Hata yule afisa wa forodha aliyemwinda mumewe, Maurits, kwa magendo ya tumbaku.

"Kaa, baba, umelowa chepechepe," Zulma alimwambia. Akakaa, akanywa. Tumbaku ilikuwa chini ya kiti hichohicho!

Zulma alikulia katika Kiflemi. Kiflemi chetu cha upande huu wa Ufaransa, ambacho jirani zetu wa Watou, ng'ambo ya mpaka, Ubelgiji, wanakiongea vilevile. Lakini binti yake wa pekee, Noëlla, alimlea kwa Kifaransa. "Kifaransa ndicho chenye mkate," alisema. Wengi wetu tulifanya hivyo, tena kwa mapenzi. Kiflemi kikabaki cha mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia: ugonjwa, ugomvi, zawadi za siri za sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi.

"Kwangu ilikuwa lugha ya mlango uliofungwa," Noëlla ameniambia.

Msimu huu wa baridi Zulma alipatwa na kiharusi. Kifaransa kikamtoka chote. Nasema tena, chote. Kikabaki Kiflemi. Noëlla alikaa kando ya kitanda hospitalini, mkono wa mama yake mkononi mwake, na mama anaomba kitu. Anaomba asubuhi, anaomba jioni, machozi yanamtiririka. Binti haelewi.

"Mama, unataka nini? Maji? Padri?"

Muuguzi akaleta mto, akaleta blanketi la pili. Siyo hayo.

Noëlla akamleta bwana mmoja wa Antwerpen, mji wa mbali huko Ubelgiji, mpanda baiskeli aliyekuwa mgeni kwa jirani. Bwana akasikiliza, akajikuna kichwa. "Samahani sana, mama. Kiflemi ni changu pia, lakini huyu anaongea kama kokoto kwenye ndoo."

Ndipo Noëlla akavuka hadi Watou, kwa Godelieve, muuza kuku. Godelieve alifunika kuku wake palepale, akaja na aproni yake kiunoni. Zulma kumsikia tu, uso ukachanua.

"Anasema nini?"

"Anasema kahawa ya hapa ni maji ya kufulia soksi."

Wakacheka wote watatu. Kisha Zulma akaongea kwa kirefu, na Godelieve akaacha kucheka.

"Sema, dada."

"Tungoje kidogo, mwenzangu."

"Sema, nakuomba."

"Anamtaka binti yake. Anauliza kwa nini Noëlla haji kumwona."

"Mwambie ndiye mimi! Mwambie!"

Godelieve akamwambia. Zulma akatikisa kichwa. "Huyu ni mtu mwema, kila siku ananishika mkono. Lakini hasemi nami. Mwanangu angesema nami."

Wasikilizaji wapendwa, Noëlla akaanza kujifunza. Garini, jikoni, kwenye ngazi za hospitali. Sentensi moja tu: "Mama, ni mimi, Noëlla wako."

"Usiibane midomo!" Godelieve alimkaripia. "Sauti itoe kooni! Unaongea kama mke wa mkuu wa mkoa!"

Kila jioni Godelieve alivuka mpaka, wala hakukubali hata mafuta ya gari. Kila jioni Noëlla aliisema sentensi yake. Kila jioni mama alimtazama kwa upole, kisha akatazama mlangoni, akimngoja binti yake.

Noëlla, tunakupa pole, wewe na watoto wako. Nawe Godelieve, Mungu akulipe. Na wewe unayenisikiliza, kama bado una mzee anayeongea Kiflemi, zima redio hii, nenda ukakae naye. Mwulize jina la kila kitu kilichomo chumbani. Sijui kama bado tuna wakati. Usiku nakaa nikiwaza, naona tumechelewa.

Jioni ya mwisho, Noëlla aliisema sentensi yote bila kukosea. Mama Zulma alimsikiliza hadi mwisho, akampapasa shavu, akasema neno. Godelieve alilitafsiri huku ameinamisha uso:

"Unajifunza vizuri, mgeni. Kesho uje tena."